Umelipa Kila Mtu Isipokuwa Aliyeimba

Toa simu uangalie ngoma zako. Ngapi kati ya hizo ulilipia? Usijibu haraka, juu ukweli ni kwamba ulilipia zote. Ulinunua bando ndio uingie Tubidy. Ama ulimpa kijana wa duka la muvi hapa Kenyenya pesa akakujazia flashi, na hiyo flashi pia ulinunua. Kila mtu amekula kitu hapo, isipokuwa aliyeimba.

Hii biashara naijua juu nimeifanya. Nilipoachana na chuo nilikaa miezi kadhaa nyuma ya kompyuta kwenye duka moja la muvi sokoni, kazi yangu ikiwa kuwekea watu nyimbo. Watu wa boda walikuja asubuhi na mapema. Huyu anataka benga ya Monyoncho na Araka Boys, mwingine gengetone, mwingine injili ya Ekegusii ya kusikiliza Jumapili. Flashi nzima ilikuwa bob 50. Nyimbo 200. Piga hesabu: senti 25 kwa wimbo, na hata hiyo senti haikuwa ya msanii.

Sikuwahi kujiita mwizi. Mwizi ni yule anabeba kuku usiku. Wimbo ukiunakili, mwenyewe bado anao, si ndio? Hiyo hoja tunayo sisi wote na si ya kijinga.

Halafu siku moja akaingia mzee mmoja, mpiga gitaa, alirekodi kanda zamani hizo.

"Kijana, ziko nyimbo zangu hapo?"

Nikatafuta. Zilikuwa 11, jina lake limeandikwa vibaya kwa kila moja. Nikacheza ya kwanza, akacheka, akagonga meza na vidole akifuata gitaa lake mwenyewe. Akaniuliza kama watu huzichukua. Nikamwambia kila wiki, mzee. Akatoa flashi, nimuwekee. Na mdosi alikuwa amesema hakuna mtu wa bure, kwa hivyo nikamtoza bob 50.

Alilipa. Hakuteta hata kidogo.

Sasa usikimbilie kunihukumu, juu kuna upande mwingine. Kanda yake haiuzwi popote. YouTube haiko, Skiza haiko. Kama si watu kunakiliana kutoka redio kaseti hadi kompyuta, hizo nyimbo 11 zingekuwa zimeoza na ile kanda, na yeye mwenyewe hangezisikia tena. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haijali hayo. Mtunzi akifa, kazi yake inalindwa miaka 50 zaidi, iwe inauzwa ama haiuzwi. Na stika za KECOBO za kuonyesha kanda ni halali, utazibandika wapi kwa faili?

Lakini wewe hukupakua kanda iliyopotea. Ulipakua ngoma iliyotoka Ijumaa, na msanii yuko YouTube, ambapo ukiitazama tu na yale matangazo yanayokuboesha, kuna kitu kinamfikia. Bando ni ghali, naelewa, huwezi kurudia video mara 30 na bando ya mbao. Basi weka wimbo wake Skiza. Sheria ilipobadilishwa 2019, ilisema pesa ya Skiza ikishatolewa kodi, mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52. Si mali, lakini linganisha na ile senti 25 yangu ambayo hakuiona.

Na usiniambie wasanii ni matajiri. Labda wale wa Nairobi unaowaona Instagram. Wa huku unakutana naye matangani, ameomba spika kwa jirani, na wewe ndiwe unamfokea arudie ule wimbo ulio nao kwa simu.

Ndivyo nilivyomwona tena yule mzee, kwa mazishi upande wa Magena. Nikachukua namba yake, jioni nikamtumia 200 kwa M-Pesa. Akanipigia papo hapo, akidhani nimekosea namba. Nikamweleza ni deni la ile siku dukani. Hakukumbuka duka wala mimi. Aliuliza tu kama bado ninazo zile nyimbo, juu flashi yake ilipotea.

Ninazo. Kesho namtumia.