Mtembezi Hula Miguu Yake, Asiyetembea Je?

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumze habari ya kukaa. Huenda ukashangaa, maana kukaa si jambo la kutangazwa redioni. Lakini kukaa nako kuna bei yake, na wanaoilipa ni wengi kuliko wale wanaokaa.

Kama ijulikanavyo, Wachaga hurudi nyumbani kila Desemba. Desemba iliyopita nilikuwa Mkuu, Rombo, nikimpokea mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliyetoka Dar es Salaam. Basi lilimshusha kwenye lami. Kutoka pale hadi kihambani kwetu ni mlima wa dakika 20, njia ileile tuliyokuwa tukiipanda utotoni tukiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alipanda hatua chache, akashika kiuno, akasema, "Kaka, niitie bodaboda." Wakati huohuo mama mmoja mwenye umri wa kutuzaa alitupita na mkungu wa ndizi kichwani. Alitusalimia, wala hakusimama.

Mdogo wangu si mvivu. Anatoka kwake alfajiri na kurudi usiku. Ila anakwenda kazini amekaa, anafanya kazi amekaa, na anarudi amekaa. Maisha ya mjini yamemkalisha.

Wala hayuko peke yake. Watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 132 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakatoa matokeo mwaka 2010. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya shughuli za kutumia nguvu nyingi. Baada ya mwaka mmoja tu mjini, hawakufika 3 kati ya 10. Wanaume kwa wanawake waliongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Mwaka mmoja tu, ndugu msikilizaji!

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa, kati ya mwaka 2020 na 2030, watu karibu milioni 500 duniani watapata maradhi ya moyo, kisukari, unene wa kupindukia na mengineyo kwa sababu ya kutoushughulisha mwili. Gharama yake ni dola za Marekani bilioni 27 kila mwaka, na hiyo ni ya matibabu tu. Siku za kazi zinazopotea hazimo.

Hebu tuzihesabu wenyewe. Kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya figo kufa. Si kila mgonjwa wa figo ameponzwa na kukaa. Kuna vyakula, kuna pombe, kuna kurithi. Lakini kukaa kumo. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa husafishwa damu kwa kawaida mara 3 kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka. Akiwa anatoka Mkuu kwenda Moshi mjini, kila safari ni siku nzima. Mtu wa kumsindikiza naye anapoteza siku. Jumla ni siku 312, sawasawa na mwaka mzima wa mtu anayefanya kazi siku 6 kwa wiki. Hapo hatujataja nauli, dawa, ng'ombe aliyeuzwa, wala mtoto aliyeacha masomo ili amuuguze mzazi. Na mgonjwa akiwa na bima, mfuko unaolipa ni wetu sote tunaochangia.

Je, dawa ni nini? Wataalamu wanatuambia mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 kwa wiki angalau, hata kwa kutembea kwa haraka. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Aidha, Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Ni jambo jema, lakini mwili hauli mara moja kwa mwezi, na wala hautoshelezwi na Jumamosi moja. Hapana budi barabara zetu ziwe na njia salama za waendao kwa miguu, viwanja vya shule visigeuzwe maduka, na waajiri wawape watumishi nafasi ya kuinuka vitini.

Yule mama wa mkungu asisumbuliwe kwa mahubiri ya mazoezi. Yeye anahitaji kupumzika. Maneno haya ni yetu sisi wa vitini, na mimi msemaji nikiwemo, maana kazi ya redio nayo ni ya kukaa.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, wakimkanya mzururaji. Siku hizi asiyetembea hula kihamba cha watoto wake.

Mdogo wangu aliondoka Januari. Aliteremka kwa miguu hadi kwenye basi, akipumzika mara mbili njiani, nami nimembebea begi. Tumekubaliana kwamba Desemba ijayo ataupanda mlima ule, na begi alibebe mwenyewe.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri. Na ukishazima redio, inuka kidogo.