Picha ya Kioo na Picha ya Karatasi

Bendera ni mahali padogo katika nchi ya Kalemie, upande wa kaskazini. Huko mto Kiymbi huteremka kwa nguvu, na katika miaka ya 1950 ilijengwa mitambo ya kuzungushwa na maji yake, ili umeme ufike Albertville, mji uitwao leo Kalemie. Siku hizi kazi ya umeme si kuwasha taa tu. Huendesha pia kompyuta, ambayo watu wengi wa Kongo huiita ordinateri, na mashine ya kuchapa iliyowekwa kando yake. Mashine hizi mbili ni majirani, lakini hazipimi vitu kwa kipimo kimoja, na kutopatana kwao hula karatasi na wino wa watu.

Watoto, utazameni kwanza mkeka. Ukisimama mbali waona maua na nyota. Ukiinama waona chane za ukindu tu, moja nyeusi, moja nyekundu, moja nyeupe. Picha ya kompyuta ni vivyo hivyo. Imefumwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli, na kila nukta ina rangi moja tu. Picha yenye nukta 480 kwa upana na 640 kwa urefu ina nukta 307,200 kwa jumla. Haina sentimita hata moja. Sentimita huipata siku inapowekwa juu ya kitu, yaani kioo au karatasi, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Kioo cha kompyuta nyingi za mezani huonyesha nukta 96 hivi katika inchi moja. (Inchi ni sentimita 2.54. Mafundi wa uchapaji hawajaiacha, ijapokuwa shuleni sisi hupima kwa sentimita.) Basi picha yetu, nukta kwa nukta, itakuwa na upana wa sentimita 13 karibu, na urefu wa sentimita 17. Ni picha nzuri, kubwa, inapendeza. Lakini karatasi yataka zaidi. Ili uso wa mtu utoke laini katika picha ishikwayo mkononi, wachapaji hutaka nukta 300 kwa inchi. Gawanya 480 kwa 300: wapata inchi 1.6, yaani sentimita 4 tu. Ile picha iliyojaa kioo, juu ya karatasi yatosha kitambulisho cha mwanafunzi.

Tuseme jamaa moja wamefiwa na babu yao. Wanataka picha yake iwekwe mbele ya altare siku ya Misa ya kumwombea, nayo iwe kubwa kama karatasi nzima. Picha wanayo katika simu, lakini imepita simu nyingi, na njiani imepunguzwa ili isafiri upesi. Zimebaki zile nukta 480 kwa 640. Karani aiweka katika kompyuta, aivuta mpaka ijaze ukurasa, naye aona ni safi. Achapa. Loo! Macho ya babu yamekuwa miraba, na ndevu zake ni ngazi. Katika upana wa sentimita 20 kila inchi imepata nukta 61 tu. Mashine haikuharibika, na wino si mbaya.

Karani aweza kuiambia programu iongeze nukta. Nayo itaongeza, maana programu hutii. Lakini haikumwona babu. Hutazama nukta mbili jirani, ikabuni ya katikati. Ni kama kuongeza maji katika mchuzi: sufuria hujaa, ladha hupungua. Miraba itaondoka, na ukungu utakuja mahali pake.

Dawa iko katika simu ya mjomba aliyepiga picha. Ikiwa simu yake hupiga nukta 2,448 kwa 3,264, hizo ni karibu milioni 8, nazo kwa 300 kwa inchi hutoa karibu sentimita 21 kwa 28. Hiyo ni karatasi nzima ya A4, isipokuwa kidogo. Lakini mjomba asiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwani itapunguzwa tena. Aitume kama hati, ifike nzima.

Mtu atauliza: Mbona jina la babu, lililoandikwa chini ya picha, lilitoka safi katika karatasi ileile? Kwa sababu herufi hazikuwekwa kwa nukta. Kompyuta huweka umbo lake, mistari na mapindo, kama fundi wa nguo atunzavyo kipimo cha shati. Kwa kipimo hicho hushona shati la mtoto au la mzee, na mshono hauharibiki.

Jambo jingine hudanganya hata watu wazima. Juu ya sanduku la mashine ya kuchapa imeandikwa 600, au hata 1200. Hizo ni nukta za wino, si nukta za picha. Mashine ya wino mweusi haina wino wa kijivu. Hutia nukta au huacha. Ili kupata kijivu hukusanya nukta nyingi na kuachanisha nyingine, na jicho huzichanganya. Kwa hiyo nukta nyingi za wino hutumika kuonyesha nukta moja ya picha.

Zamani mambo yalipatana zaidi. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na nukta 72 kwa inchi, na wachapaji hupima herufi kwa sehemu ya 72 ya inchi. Basi herufi ya kioo na ya karatasi zilikaribia kulingana. Mwaka uliofuata, 1985, ikaja mashine ya kuchapa LaserWriter yenye nukta 300. Kompyuta za Windows zikahesabu 96, na simu nyingi za leo hupita 400. Ndiyo maana programu ikisema “asilimia 100” yafaa kuweka rula juu ya kioo; mara nyingi sentimita 10 za programu si 10 za rula.

Rangi nazo zina ugomvi wao. Kioo huchanganya nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu. Karatasi hupokea wino wa samawati, wa zambarau nyekundu, wa manjano na mweusi. Kijani king’aacho cha kioo hakimo katika chupa yoyote ya wino. Na ukubwa wa karatasi utazamwe pia: programu nyingine huja zimewekewa karatasi ya Marekani, fupi kuliko A4 kwa sentimita 1.8, lakini pana kidogo.

Hesabu: Picha ya darasa ina nukta 1,800 kwa upana. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, itakuwa na upana wa sentimita ngapi? Na ikichapwa kwa 150?