Je, Wajua? Faili la COBOL na Jina Lake la Nje

Je, wajua kuwa programu ya COBOL haihitaji kujua faili lake limehifadhiwa wapi? Ndani ya programu kuna jina tu, tuseme WATEJA. Diski ipi, folda ipi, faili la leo au la mwezi uliopita, hayo huamuliwa nje, wakati programu inapofungua faili. Mara nyingi mwamuzi ni kigeu cha mazingira, yaani jina na thamani ambavyo mfumo wa uendeshaji huikabidhi programu inapoanza kazi.

Je, wajua kuwa nia hii ilikuwapo tangu lugha yenyewe ilipobuniwa? Mwaka 1959, tarehe 28 na 29 Mei, wadau wa kompyuta walikutana Pentagon nchini Marekani na kukubaliana kutafuta lugha moja ya kazi za biashara. COBOL ilipotoka ilikuwa na sehemu kuu nne, na ya pili, ENVIRONMENT DIVISION, ilitengewa mambo ya mashine: kompyuta gani, vifaa gani, mafaili yapi. Ukihamia mashine nyingine, urekebishe hapo na kwingine uguse kidogo iwezekanavyo. Desemba 1960 programu ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta mbili za makampuni yaliyokuwa yakishindana, UNIVAC II na RCA 501, ikiwa na mabadiliko machache tu.

Je, wajua kuwa vigeu vya mazingira ni vichanga kuliko COBOL kwa takriban miaka 20? Vilienea kupitia toleo la 7 la Unix, mwaka 1979. Lakini kwenye kompyuta kubwa za IBM kazi hiyohiyo ilikuwa ikifanywa na JCL, lugha ya amri za kuendesha kazi, tangu miaka ya 1960, kwa mstari kama huu:

//WATEJA DD DSN=BENKI.WATEJA.DATA,DISP=SHR

Hadi leo, kwenye z/OS, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta hizo, mstari wa DD ndio unaounganisha jina lililo ndani ya programu na faili halisi, na jina hilo halivuki herufi nane. Ukiendesha programu upande wa Unix wa z/OS, kigeu huchukua nafasi ya mstari huo: export WATEJA="DSN(BENKI.WATEJA.DATA),SHR". Hapo jina la kigeu ni lilelile la kwenye programu, kwa herufi kubwa.

Je, wajua kuwa herufi DD zimehamia hata kwenye Linux? GnuCOBOL, kompaila huria iliyoanzishwa na Keisuke Nishida kwa jina la OpenCOBOL, hutumia vigeu vinavyoanza na DD_. Tazama mfano. Ndani ya programu tunaandika:

SELECT FAILI-WATEJA ASSIGN TO "WATEJA"
    ORGANIZATION IS LINE SEQUENTIAL
    FILE STATUS IS WS-HALI.

Nje, kabla ya kuendesha:

export DD_WATEJA=/data/benki/wateja.txt

Basi. Kesho ukitaka kufanya majaribio kwa data ya uongo, unabadilisha mstari wa nje peke yake. Programu haifunguliwi wala haikompailiwi upya, na faili la kweli linabaki salama. Mimi naona hii ndiyo faida kubwa kuliko zote: programu iliyojaribiwa ni ileile itakayofanya kazi, bila hata herufi moja kubadilika katikati.

Je, wajua kuwa GnuCOBOL haitafuti kigeu kimoja bali vitatu, na kwa mpangilio? Kwanza DD_WATEJA, kisha dd_WATEJA, kisha WATEJA tupu. Cha kwanza kupatikana ndicho kinachotumika. Angalia vizuri cha pili: kiambishi tu ndicho kilicho kwa herufi ndogo, jina limebaki kama lilivyoandikwa kwenye programu. Kwenye Linux, anayeweka dd_wateja hajaweka kitu, kwa sababu huko herufi kubwa na ndogo ni majina tofauti. Kwenye Windows hazitofautishwi, ndiyo maana kazi iliyokwenda vizuri Windows huweza kukwama siku ya kuhamia Linux.

Je, wajua kuwa ule utafutaji wa tatu una mtego? Ukiliita faili lako HOME au USER, programu itakuta tayari kuna kigeu chenye jina hilo, kilichowekwa na mfumo kwa shughuli zake. Itakichukua. Badala ya kufungua faili lako, itajaribu kufungua folda ya mtumiaji au kitu kisichokuwapo kabisa. Yape mafaili majina yasiyogongana na ya mfumo, na utumie DD_ siku zote.

Je, wajua kuwa kistari cha katikati, kinachopendwa mno na waandishi wa COBOL, hakikubaliki katika jina la kigeu kwenye sheli ya bash? Andika export DD_FAILI-WATEJA na utakataliwa papo hapo. Amri ya env inaweza kupitisha jina la namna hiyo, lakini ni kujitafutia kazi isiyo ya lazima. Ndani ya programu jina la FAILI-WATEJA halina tatizo; jina linalofuata ASSIGN TO ndilo liwe bila kistari.

Je, wajua kuwa usipoweka kigeu chochote cha faili, GnuCOBOL huangalia COB_FILE_PATH? Hicho kinataja folda moja kwa mafaili yote yasiyo na kigeu chake. Weka COB_FILE_PATH=/data/benki na WATEJA itatafutwa kama /data/benki/WATEJA. Jina linaloanza na mkwaju, kama /tmp/wateja.txt, halipitii huko, huchukuliwa lilivyo. Kwa mfumo wenye mafaili mengi yaliyo mahali pamoja, kigeu hiki kimoja kinatosha, na DD_ zibaki kwa yale machache yanayokaa kando.

Kompaila ya Micro Focus nayo ina njia yake: kiambishi dd_, na pia faili la ramani liitwalo mfextmap.dat. Watumiaji wa ACUCOBOL, kompaila nyingine, wanajua FILE-PREFIX. Majina yanatofautiana, kazi ni moja.

Je, wajua kuwa kosa la kigeu kwenye kusoma hupiga kelele, lakini kwenye kuandika hunyamaza? Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana jambo hili ndilo linaloumiza watu. Tuseme umesahau kuweka DD_WATEJA na programu inafanya OPEN INPUT. Faili linaloitwa WATEJA halipo kwenye folda uliyomo, kwa hiyo hali ya faili (FILE STATUS) inakuwa 35, maana yake faili halikupatikana. Tatizo linaonekana na linatengenezwa.

Sasa chukua DD_RIPOTI na OPEN OUTPUT. Kigeu hakipo, lakini kazi ya OPEN OUTPUT ni kuunda faili jipya. Programu inaunda faili liitwalo RIPOTI kwenye folda yoyote iliyokuwamo wakati huo, inaandika rekodi zote, inafunga, na hali inarudi 00. Hakuna kosa lililoripotiwa. Ripoti ya jana bado imekaa mahali pake pa kawaida, na anayeifungua asubuhi anasoma tarakimu za jana akidhani ni za leo. Sijaona kosa la kompyuta linaloudhi kuliko hili, kwa sababu kila hatua imefanya kazi yake sawasawa.

Je, wajua kuwa neno OPTIONAL linaweza kuleta ukimya uleule hata kwenye kusoma? Ukiandika SELECT OPTIONAL, faili lisipokuwapo hali inakuwa 05, ambayo COBOL inaihesabu kuwa mafanikio. READ ya kwanza inarudisha 10, mwisho wa faili. Programu inaamini kuwa hapakuwa na wateja, inachapa jumla ya sifuri na kuondoka kwa amani. OPTIONAL ina kazi yake halali, kwa mfano faili la marekebisho ambalo siku nyingine halipo kweli. Kwa faili la lazima, iondoe.

Je, wajua kuwa namba nyingine za hali husaidia kujua kigeu kimekosewa vipi? 37 mara nyingi huashiria ruhusa: njia ni sahihi ila mtumiaji hana haki ya kufungua. 39 ni sifa zisizolingana, kwa mfano urefu wa rekodi kwenye faili ni tofauti na ule uliotajwa ndani ya programu. Mara nyingine maana yake ni kwamba kigeu kimeelekezwa kwenye faili la kazi nyingine kabisa.

Je, wajua kwa nini kazi inayokubali ukiiendesha kwa mkono hukataa saa nane usiku? Mara nyingi sababu ni cron, huduma inayoendesha kazi kwa ratiba. Cron haisomi faili lako la .profile, kwa hiyo vigeu ulivyoviweka humo havipo. Inaanza na vichache tu, kama HOME na PATH. Unaweza kuandika vigeu ndani ya crontab yenyewe, yaani faili la ratiba, lakini cron ya kawaida ya Linux haibadilishi alama ya $ kuwa thamani: ukiandika DD_WATEJA=$HOME/wateja.txt, programu itapokea maneno hayohayo, pamoja na alama. Njia iliyo salama ni faili dogo la amri linaloweka vigeu vyote kwa export kisha kuita programu, na cron iite faili hilo. Vilevile sudo, kwa mpangilio wake wa kawaida, hufuta vigeu vingi kabla ya kuendesha amri.

Je, wajua kuwa bila export kigeu hakivuki? Ukiandika DD_WATEJA=/data/wateja.txt kwenye mstari wake peke yake, sheli inakijua, lakini programu unayoiita haikioni. Ukikiandika kwenye mstari mmoja na amri, mbele ya jina la programu, kinapita kwa mwendo huo mmoja tu. Kwa majaribio hiyo ni njia safi sana.

Je, wajua kuwa nafasi moja tupu inatosha kuharibu kigeu kwenye Windows? Kwenye dirisha la amri, set DD_WATEJA = C:\data\wateja.txt huunda kigeu ambacho jina lake linaishia na nafasi, na thamani inayoanza na nafasi. Programu haitakiona. Amri ya setx nayo huweka kigeu cha kudumu, ila dirisha ulilomo halikipati, fungua jipya.

Je, wajua kuwa programu yenyewe inaweza kubadilisha kigeu ikiwa kazini? GnuCOBOL hutafuta jina la faili kila inapofanya OPEN. Kwa hiyo SET ENVIRONMENT "DD_MAUZO" TO WS-NJIA, kisha OPEN, kisha CLOSE, unaweza kurudia kwa miezi yote kumi na miwili kwa SELECT moja. Mabadiliko hayo yanaishia ndani ya programu na zile inazoziita. Sheli iliyoianzisha haiguswi.

Je, wajua kuwa vigeu vingine haviamui faili liko wapi bali linaandikwaje? COB_LS_FIXED ikiwa true, kila mstari wa faili la LINE SEQUENTIAL huandikwa kwa urefu wake kamili. Vinginevyo nafasi tupu za mwishoni hukatwa. COB_SYNC huamuru kila kilichoandikwa kisukumwe kwenye diski bila kusubiri, kwa gharama ya kasi. COB_VARSEQ_FORMAT hupanga baiti za urefu zinazotangulia kila rekodi yenye urefu unaobadilika. Mashine mbili zikitofautiana hapo, moja haitaweza kusoma faili la mwenzake. Na tangu GnuCOBOL 3.2, iliyotoka 2023, COB_LS_VALIDATE huwa imewashwa: baiti zisizofaa kwenye faili la maandishi hutoa hali ya 09 wakati wa kusoma. Anayepandisha toleo anaweza kudhani mafaili yake ya zamani yameharibika.

Je, wajua kuwa kuna amri moja inayokuonyesha haya yote? Andika cobcrun --runtime-conf. Itakuorodheshea mipangilio ya GnuCOBOL na thamani zake kwa wakati huo. Vigeu vya DD_ havimo, kwa hivyo ongeza env | grep -i '^dd_'. Iweke mistari hiyo miwili kwenye faili la amri linaloitwa na cron, matokeo yaende kwenye logi, na asubuhi utajua programu ilikuwa ikiona nini.

Na kwa kila faili la kuandikia, programu iulize kabla ya OPEN:

ACCEPT WS-NJIA FROM ENVIRONMENT "DD_RIPOTI"
    ON EXCEPTION
        DISPLAY "DD_RIPOTI haijawekwa"
        MOVE 16 TO RETURN-CODE
        STOP RUN
END-ACCEPT

Ni mistari sita. Kama programu yako inaandika mishahara, amana au madeni ya watu, iongeze leo.