Mafuta Tulayo na Mafuta Yakaayo Mwilini

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mafuta: yale tuyatiayo chunguni, na yale yajiwekayo akiba tumboni mwetu bila kutuuliza. Huku Tarakea tunakaa karibu na Wamasai, na kwa sababu hiyo nimesikia mara nyingi sokoni hoja hii: "Watazameni Wamasai. Tangu zamani hunywa maziwa na kula nyama yenye mafuta, wala mioyo yao haiugui. Basi mafuta yana kosa gani?" Hoja hiyo si ya kipumbavu, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima.

Madaktari nao waliiona. Bwana George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt katika Marekani, alikuja na wenzake nchini kwetu kuwapima wanaume wa Kimasai 400, na habari zao zikatangazwa mwaka 1964. Waliwakuta ni watu wembamba, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa na nyama. Hata hivyo kolesteroli katika damu yao ilikuwa kidogo, wala dalili za ugonjwa wa moyo hazikuonekana ila kwa nadra. Kolesteroli ni kitu mfano wa nta kilichomo katika damu ya kila mtu. Wengine huiita lehemu. Ikizidi, hujibandika ndani ya mishipa.

Mwaka 1972 ilitangazwa habari ya pili, nayo ndiyo isiyofika sokoni. Bwana Mann na wenzake walikuwa wamechunguza mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Wakaona ya kuwa mishipa ya moyo ilikuwa imefanya unene kwa ndani, sawa na mishipa ya wazee wa Marekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikapata njia. Bwana Mann alidhani ya kuwa sababu ni mwendo, maana mchungaji hutembea kutwa nyikani. Wengine walidhani ya kuwa miili yao imerithi namna ya kuizuia kolesteroli isizidi. Kwa vyo vyote, Mmasai yule hakuwa na kitambi. Mtu aigaye chakula chake pasipo kuiga miguu yake hawezi kutumaini matokeo yale yale.

Nasi mwendo wetu umepungua. Mlima tuliokuwa tukiupanda kwa miguu, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, sasa twaupanda kwa pikipiki. Uchunguzi uliofanywa katika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha ya kuwa, kati ya watu wazima, kama mmoja kwa kila wanne uzito wake ulipita kadiri.

Sasa tuangalie kazi ya mafuta yenyewe. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, bali gramu moja ya wanga ina 4 tu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi. Ndizi ya kuchemsha karibu haina mafuta; ndizi ile ile ukiikaanga huyanywa. Kalori zisizotumika mwili huziweka akiba. Zikiwekwa chini ya ngozi, madhara yake si makubwa sana. Lakini zikiwekwa ndani ya tumbo, kandokando ya ini na matumbo, hapo ndipo pana hatari. Mafuta ya mahali pale hayatulii. Huingia katika damu iendayo kwenye ini, na ini lenyewe likashiba mafuta. Tena insulini, ambayo kongosho huitoa ili kuifungulia sukari mlango wa kuingia katika nyama ya mwili, huona mlango umekuwa mgumu. Kongosho hufanya kazi maradufu. Siku likichoka, sukari hubaki katika damu. Shinikizo la damu nalo hupanda. Ndiyo sababu kisukari na ugonjwa wa moyo huonekana mara nyingi katika mtu mmoja.

Hayo ni ya wingi. Aina nayo ina habari yake. Mafuta yagandayo, kama samli na mafuta ya ng'ombe, hulifanya ini lisiiondoe vema kolesteroli mbaya katika damu. Mawese ni ya kundi hilo kwa nusu yake. Mafuta ya nazi yamo kwa sehemu zaidi ya 80 katika 100, ingawa Tanga huyaona ni maji. Yalete Tarakea asubuhi ya Julai, utayachota kwa kisu. Alizeti ina sehemu kama 11 tu. Mabaya kupita yote ni yale ya maji ambayo kiwanda kimeyagandisha nusunusu kwa haidrojeni. Parachichi zetu, ambazo watoto huziacha zioze chini ya miti, zina mafuta mema.

Katika kisiwa cha Morisi serikali ilibadili mafuta ya mgawo mwaka 1987: yalikuwa mawese kwa sehemu kubwa, yakawa ya soya. Baada ya miaka 5 kolesteroli ya watu ilikuwa imeshuka kutoka 5.5 hata 4.7 kwa kipimo cha hospitali. Lakini katika miaka hiyo hiyo watu walizidi kunenepa, wala kisukari hakikupungua. Aina ilikuwa imetengenezwa, wingi haukuguswa. Vivyo hivyo mtu aachaye samli akajijazia soda na mandazi hajapata kitu, maana sukari izidiyo ini huigeuza kuwa mafuta. Na mbege? Naam, pombe nayo ina kalori nyingi, ingawa wazee hawatapenda kusikia.

Simzuii mtu mtori, wala nyama ya mbuzi siku ya arusi. Watoto wadogo wasinyimwe mafuta. Miili yao inayahitaji ili ikue. Kwa mtu mzima mnene, supu na ilale chunguni usiku; baridi yetu itayagandisha mafuta juu, asubuhi uyaondoe kwa kijiko. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, shinikizo na sukari huanza kushuka.

Mkitaka kujipima, chukueni uzi mrefu sawa na kimo cha mtu, toka utosini hata kisiginoni, mkaukunje katikati. Nusu ile ikikizunguka kiuno na ncha zikakutana, vema. Zisipokutana, mtu huyo aende zahanati akapimwe shinikizo la damu na sukari, hata kama haumwi mahali po pote, kwa kuwa magonjwa haya huweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo maumivu.