Albamu 5 Zilizonibeba 2020 Nikiwa Nimekwama Ocha Rangwe, Kutoka ya Tano Hadi Namba Moja

Najua hizi wiki umesoma listi za kutosha: ngoma kali za 2020, video kali za 2020, mastaa waliopotea 2020. Hii ni tofauti kidogo. Hii ni listi ya mtu mmoja, aliyekaa mahali pamoja, na simu moja yenye kioo kimepasuka. Si lazima ukubaliane nayo. Lakini nataka ujue pia venye nilipima hizi albamu, juu siku hizi kila mtu ana namba moja yake na hakuna anayesema aliipataje.

Kwanza rada. Machi 2020 serikali ilipofunga shule na vyuo, nilitoka keja yangu ya Nairobi nikijua naenda ocha wiki mbili tatu hivi. Nilibeba jinzi mbili na chaja. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka, na mimi nikabaki Rangwe, kaunti ya Homa Bay, ndani ya simba yangu. Kama hujui, simba ni ile nyumba ya kijana ndani ya boma la Kijaluo. Wiki mbili zikageuka miezi tisa na kitu.

Sasa, mbona albamu na si ngoma moja moja? Jibu ni bando. Ukiwa Nairobi na waifai ya mtu, unasikiza sekunde kumi, unaruka, unasikiza nyingine, unaruka. Ocha bando ni ya kuhesabu. Unachofanya ni kwenda sentani kwa jamaa wa movie, unampa finje na memori kadi, anakuwekea folda nzima. Ukirudi boma, hiyo folda ndio iko. Huwezi kutoroka. Hapo ndio nilijifunza kusikiza kazi ya msanii kuanzia ngoma ya kwanza hadi ya mwisho, kitu sijawahi kufanya tangu niwe na simu.

Nikajiwekea sheria tatu:

Ya kwanza, hakuna kuruka. Naanza albamu nikitoka kwa geti, natembea hadi sokoni na kurudi. Kidole kikitaka kubonyeza "next," hiyo ni alama imetoka.

Ya pili, mtihani wa jikoni. Naicheza kwa sauti mathe akiwa anapika. Akisema "zima hiyo kelele," nimepata jibu. Akiuliza "huyu anaitwa nani?", hilo pia ni jibu.

Ya tatu, mtihani wa nafasi. Memori kadi yangu ni ya GB 4. Kuweka kitu kipya lazima ufute cha zamani. Ile albamu imebaki hadi Desemba, hiyo imepigania nafasi yake.

Kabla tuanze, wasee wa nyumbani msiniue. Najua hapa mfalme ni ohangla na benga. Uliza boda yeyote wa kutoka Rangwe hadi Rodi, atakutajia Prince Indah kabla umalize swali. Lakini ohangla hutufikia ngoma moja moja au mchanganyiko wa jamaa wa movie. Kwa hivyo haiko kwa listi, na si dharau. Ni vile tu hapa tunapima albamu. Haya, twende.

5. Harmonize, Afro East

Hii ilitoka Machi, wakati ule ule dunia ilikuwa inafungwa. Konde Boy alikuwa ametoka WCB Wasafi mwaka wa 2019, na hii ndio ilikuwa nafasi yake ya kuonyesha anaweza kusimama bila Diamond. Ngoma 18, kolabo kila kona: Burna Boy, Yemi Alade, Lady Jaydee, Morgan Heritage, hadi Khaligraph wetu.

Shida yangu ni hiyo hiyo 18. Msee akijaribu kufurahisha Dar, Lagos na Kingston kwa siku moja, kuna mahali utachoka. Mimi nilichoka nikifika sokoni. Lakini zile nzuri ni nzuri kweli, na kwa harusi hazizeeki. Ingekuwa na ngoma 11, ingepanda hadi namba tatu.

4. Wakadinali, Victims of Madness

Scar, Munga na Sewersydaa. Hii ilifeli mtihani wa jikoni ndani ya dakika moja, na bado iko hapa.

Nitakueleza sababu. Wasee wengi wakisikia drill wanadhani ni kuiga London na Chicago. Biti inaweza kuwa imetoka huko, lakini lugha ni ya Eastlands, na huwezi kuipeleka kwingine. Wanaongea Sheng ambayo ukikaa nje ya mtaa miezi mitatu, unapata imekuacha. Mimi nilikuwa nimekaa nje miezi mingi. Kuna mistari nilisikiza mara tano ndio nikashika, na kila nikishika nilikuwa kama mtu amepigiwa simu na mbogi yake. Kama uliwahi kumiss Nairobi hadi ukamiss matatu ikikupita na sauti juu, hii albamu unaielewa.

3. Burna Boy, Twice as Tall

Ilitoka Agosti. Ngoma 15, na humo ndani kuna Youssou N'Dour wa Senegali, Stormzy wa Uingereza, Chris Martin wa Coldplay, na Naughty by Nature wa zile enzi za wazee wetu. Ukiisoma hivyo unaona fujo, lakini ukiisikiza inakaa pamoja, juu Burna hageuzi sauti yake kwa ajili ya mgeni. Mgeni ndio anakuja kwake. Hilo ndilo Harmonize alikosa hapo namba tano.

Na kuna "Time Flies," yenye Sauti Sol wako ndani. Hiyo ilifanya nitembee hadi soko mara mbili kwa siku.

2. Zuchu, I Am Zuchu

Najua utasema: "Hiyo si albamu, hiyo ni EP." Ni kweli. EP ni kazi fupi; albamu ndio kazi nzima. Hii ina ngoma saba tu. Lakini sheria yangu ilikuwa moja: kazi isikizwe mwanzo mwisho bila kuruka. Hii ndio pekee ambayo kidole hakikuwahi kutikisika hata siku moja. Tuseme ukweli, ngoma saba bila takataka zinashinda 18 zenye mapengo.

Zuchu alitambulishwa na WCB Aprili 2020, na kufikia mwisho wa mwaka kila matatu ilikuwa inamjua. Wasee walisema amebebwa na jina, juu mathe yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarabu. Basi skiza "Mauzauza," ile wameimba pamoja. Mtoto hajifichi nyuma ya mamake, na mama hamfuniki mtoto. Mathe wangu, ambaye hana habari na Wasafi, aliacha kukoroga ugali akauliza: "Huyo wa pili ni nani?" Huyo wa pili ndio alikuwa Kopa. Alama zote.

1. Sauti Sol, Midnight Train

Juni 5, 2020. Albamu yao ya tano, ngoma 13, kupitia Universal Music Africa. Kuna "Suzanna," ile kila mtu aliimba. Kuna "Insecure." Kuna "Brighter Days" na Soweto Gospel Choir, India.Arie kwa "My Everything," na "Rhumba Japani," yenye mbogi ya Sol Generation. Hiyo rhumba, jaduong' jirani yetu alisimama kwa ua akasikiza gitaa hadi mwisho, kisha akasema hawa watoto angalau wamefunzwa. Kwa kipimo cha kawaida tu, ingekuwa juu.

Lakini si hiyo ndio ilifanya iwe namba moja.

Mei, dani yangu aliaga. Si korona, ni uzee na presha. Wakati huo kafyu ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi, na mazishi yalikuwa ya watu 15, familia pekee. Dani alikuwa na wajukuu zaidi ya hao. Hebu fikiria mkikaa chini kuandika majina kumi na tano, na kila jina ukiandika kuna mwingine umefuta. Anko wangu alikuwa Nairobi, hakutoka. Alizika mamake kwa simu, sisi tukishika hiyo simu juu ya kaburi, mtandao ukikatika kila dakika.

Kama wewe si wa pande hizi, lazima nikueleze kitu. Kwetu mtu mzima haondoki kimya. Usiku kabla ya mazishi kuna muziki, watu wanakesha, pakruok inaendelea, msee anatoa pesa asifiwe jina lake na la kwao, na hiyo pesa inasaidia gharama. Hiyo ndio watu wa Western na Nyanza wanaita disco matanga. Ina ubaya wake, sitadanganya. Wazazi na machifu wamelalamika miaka mingi kuhusu watoto wa shule wanaoharibikia huko. Lakini ina maana pia. Ni kijiji kinasema hatutakuacha ulale peke yako usiku huu.

Dani alilala peke yake. Tulimzika asubuhi mapema, bila spika, na kufikia saa sita kila mtu alikuwa kwake.

Wiki chache baadaye jamaa wa movie akaniwekea Midnight Train. Natembea, narudi, halafu inaingia ngoma inaitwa "Disco Matanga," wakiwa na Sho Madjozi na Black Motion wa Afrika Kusini. Ni ngoma ya kudunda kabisa, si ya kulia. Nilisimama katikati ya barabara. Jioni hiyo nilibeba spika ya binamu yangu hadi upande wa nyumba ya dani, nikaiweka chini nikaicheza. Mathe alitoka. Nilijua ataniambia nizime. Hakusema kitu. Alisimama, akaanza kusogeza mabega pole pole, na binamu zangu wakatoka mmoja mmoja. Tulirudia mara tatu, tukazima kafyu ikifika.

Sijui kama Sauti Sol walifikiria mtu kama mimi wakirekodi. Haijalishi. Hiyo ndio kazi albamu nzuri inafanya: inakuwekea kitu ndani ambacho hukuwa unatafuta. Ningekuwa Nairobi na waifai, ningeruka.

Zilizokaribia: Made in Lagos ya Wizkid, ambayo ilikuja mwisho wa Oktoba na sijaipa muda wa kutosha. Lucky You ya Nyashinski. Na Qwarantunes ya Bensoul, ambayo hata jina linakuambia ilizaliwa mwaka gani.

Jambo la mwisho, na hili ni langu kukiri. Ile finje nilikuwa nalipa kwa jamaa wa movie, msanii hakuona hata ndururu. Na huu ulikuwa mwaka ambao shoo zilifungwa, na shoo ndio mkate wa wasanii wengi. Nilisikiza Midnight Train miezi kadhaa nikiwa na deni nao. Desemba nilipopata vibarua, nilinunua bando nikazisikiza zote tano tena kwa Boomplay na YouTube, mwanzo mwisho. Kwa msikilizaji mmoja ni pesa kidogo sana, najua, lakini inahesabiwa kwa jina lao.

Kwa hivyo fanya hivi. Chagua albamu moja kwa hii listi, au yako mwenyewe. Weka simu mfukoni, tembea, usiruke. Kisha uniambie kama namba yako moja bado ni ile ile.

Mimi napanga begi, narudi Nairobi. Jinzi ni zile zile mbili. Memori kadi nimemwachia mathe.