Mizabibu chotara yaleta mvinyo katika nchi za baridi kali

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, baridi hushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata hivyo, wakulima wa huko sasa wanavuna zabibu za kutengenezea mvinyo.

Mzabibu wa Ulaya, unaotoa mvinyo mashuhuri kama vile Chardonnay na Pinot noir, hauhimili baridi ya namna hiyo. Halijoto ikifikia kati ya nyuzi 20 na 25 chini ya sifuri, macho yanayotarajiwa kuchipua mwaka unaofuata huanza kufa. Mkulima aliyeung'ang'ania alilazimika kuulaza chini na kuufukia udongo kabla ya theluji, kisha kuufukua baridi ilipokwisha. Kwa mwenye shamba kubwa, kazi hiyo ilikuwa mzigo usiobebeka.

Msaada wa mzabibu mwitu

Kando ya mito ya Amerika Kaskazini humea mzabibu mwitu ambao wataalamu huuita Vitis riparia. Siku zinapoanza kufupika, mmea huo huacha kukua na kukomaza matawi yake mapema, hivyo huweza kustahimili hata nyuzi 35 chini ya sifuri. Kasoro yake imo katika matunda, ambayo ni madogo na makali kwa asidi.

Elmer Swenson, mkulima wa jimbo jirani la Wisconsin, alianza mwaka 1943 kuichanganya mizabibu ya porini na aina nyingine ili kupata chotara. Baadaye alifanya kazi pia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na hadi alipofariki mwaka 2004 alikuwa amewagawia wakulima wengi vipandikizi vyake.

Subira ya miaka 17

Mtaalamu huondoa sehemu za kiume za ua kabla halijafunguka, kisha hulipaka chavua ya mzabibu mwingine. Kila mbegu inayopatikana huzaa mmea wenye tabia zake. Miche husubiriwa miaka kadhaa hadi izae, huachwa ipigwe na baridi, na mvinyo wake huonjwa. Mingi hung'olewa. Ule unaofaulu huongezwa kwa vipandikizi, kwa kuwa mbegu zake zisingetoa mmea unaofanana nao.

Ndiyo maana aina ya Marquette, iliyotokana na mchanganyo wa mwaka 1989, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2006. Miongoni mwa mababu zake umo Pinot noir. Frontenac, iliyotangulia mwaka 1996, ilichukua miaka 18.

Mafanikio hayo yana gharama zake. Frontenac bado ina asidi nyingi, na watengenezaji mvinyo hutumia bakteria kuipunguza ukali. Marquette nayo huwahi kuchipua, kwa hiyo mmea uliovuka salama baridi kali unaweza kupoteza machipukizi kwa jalidi ya usiku mmoja tu.

Ulaya yalegeza sheria

Kikwazo kingine kimekuwa sifa ya machotara yenyewe. Ufaransa ilipiga marufuku aina kadhaa katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu sheria za Umoja wa Ulaya hazikuruhusu machotara kutumika katika mvinyo wa daraja la juu, unaobeba jina linalolindwa la eneo lake.

Mwaka 2021 Umoja huo ulibadili msimamo na kuruhusu pia mizabibu iliyochanganywa na jamaa zake wa porini. Uamuzi wa kuikubali katika kila eneo umebaki kwa wazalishaji wa huko na serikali zao.

Mabadiliko hayo hayahusu baridi pekee. Machotara mengi hustahimili pia magonjwa ya ukungu, na hivyo humpunguzia mkulima gharama ya kunyunyizia dawa. Solaris, iliyozalishwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1975, sasa hupandwa hadi Denmark na Sweden, nchi ambazo zamani hazikuhesabiwa kabisa miongoni mwa nchi za mvinyo.