Likizo ya Chuo na Daftari la Maji: Binti Mmoja Alivyojifunza Uongozi kwa Kujitolea

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa na baridi ya Julai ikiwa bado inauma hapa uwanda wa juu wa Ufipa, wanafunzi wa vyuo huanza kurejea vijijini kwa likizo ndefu. Huo ndio pia msimu wa kazi za pamoja. Matofali hufyatuliwa na kuchomwa, mitaro huzibuliwa, na misingi ya madarasa na zahanati huchimbwa kabla mvua za Novemba hazijaharibu njia. Kijana mwenye elimu na nafasi hufika nyumbani wakati ambao kijiji kinamhitaji. Hata hivyo, wengi wao humaliza likizo bila kupewa kazi yoyote ya kijiji, na wengine hujipa kazi wenyewe kwa namna isiyoleta matunda.

Makala haya yanaeleza jinsi kujitolea kunavyoweza kumfaa mwanafunzi na kijiji chake, kwa kufuata habari ya binti mmoja wa mwaka wa pili anayesoma maendeleo ya jamii nje ya mkoa wetu. Tumekubaliana naye tusitaje jina lake wala la kijiji, kwa kuwa sehemu ya habari hii inahusu fedha za watu na bado haijamalizika.

Kijiji hicho kina vituo vinne vya kuchotea maji ya mserereko yanayoshuka kutoka chanzo cha mlimani. Alipofika nyumbani mwezi Julai, binti alikuta viwili vimefungwa. Koki zilikuwa zimekatika, na wanawake wa vitongoji viwili walikuwa wamerudi kwenye kijito cha bondeni, mahali wanaponyweshwa ng'ombe. Mdogo wake wa darasa la tano alikuwa akiamka usiku ili awahi maji kabla hayajachafuliwa, kisha anasinzia darasani. Binti aliona kwamba tatizo ni uelewa: watu hawalipi shilingi 50 za ndoo kwa sababu hawajaelimishwa. Akanunua karatasi za manila kwa fedha zake, akaandika maneno ya kuhimiza malipo, akawaita watu chini ya mti siku ya Jumamosi. Walikuja kumi na mmoja, wengi wao watoto. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu.

Alikasirika, na katika hasira hiyo alisema jambo ambalo wasomi wengi husema, kwamba watu hawa hawapendi maendeleo. Mzee mmoja jirani yao alimsikia akamjibu kwa upole: "Mwanangu, shikamoo yako tumeisikia njiani, barazani kwetu hujafika. Umetuambia tulipe. Hujatuuliza kwa nini tuliacha."

Kosa la kwanza la binti lilikuwa la utaratibu, na utaratibu huo una sababu yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Humo ndimo wananchi wanamochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na humo ndimo viongozi wanamotoa taarifa. Mwenyekiti wa kijiji huongoza mkutano na mtendaji wa kijiji ni katibu wake. Mtu anayewakusanya watu pembeni, hata kwa nia njema, huwafanya wajiulize ametumwa na nani. Binti hakuwa amefika ofisi ya kijiji wala kuonana na mwenyekiti wa kitongoji chake. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mkazi na amevuka miaka 18, ni mjumbe halali wa mkutano mkuu. Hakuhitaji mti wa pembeni.

Alianza upya. Alijitambulisha kwa mtendaji, akapata ridhaa ya mwenyekiti, kisha kwa wiki mbili akapita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: mara ya mwisho mlilipia maji lini, na mliacha kwa nini? Hakuna aliyemwambia kwamba maji yanapaswa kuwa ya bure. Mama mmoja alimwonyesha kopo alimokuwa akiweka akiba ya maji kila wiki. Walisema walilipa, koki zikaharibika zisitengenezwe, na hapakuwa na aliyewasomea mapato na matumizi. Mwaka mzima ulikuwa umepita bila taarifa hiyo kusomwa, ilhali mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha RUWASA, na inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo hicho si mali ya viongozi wake. Fedha za ndoo hununua mabomba na koki, humlipa fundi, na hutunza chanzo. Mwananchi anayeuliza zilikotumika anatimiza wajibu wake, wala hajamtukana mtu.

Mhazini wa chombo kile ni mama mkulima mwenye bidii, ambaye alikuwa ametunza stakabadhi zote katika mfuko wa sukari. Hazikuwa zimepangwa. Binti alikaa naye barazani siku nne, wakinakili karatasi moja baada ya nyingine katika daftari lenye mistari miwili: iliyoingia na iliyotoka. Sehemu kubwa ya fedha ilipata maelezo. Zilibaki shilingi 43,000 zisizo na stakabadhi.

Hapo ndipo alipokutana na jaribu ambalo darasani hakuwa amelisoma. Jina la aliyezishika fedha hizo lilijulikana. Rafiki zake walimtaka alitaje mkutanoni, na anakiri kwamba naye alitamani, kwa kuwa zile Jumamosi mbili za aibu zilikuwa bado moyoni. Mtendaji alimshauri apeleke kwanza hesabu kwenye kamati, ili mhusika asikilizwe. Mhusika alieleza kwamba fedha zilinunua mafuta ya pikipiki ya fundi, nyakati ambazo hapakuwa na mwenye kitabu cha stakabadhi. Baadhi ya wajumbe walimwamini, wengine hawakumwamini. Kamati ikaamua kwamba mkutano usomewe hesabu kama ilivyo.

Mwanzoni mwa Septemba binti aliombwa asome. Alipofika kwenye mstari ule alisema, "Shilingi 43,000 hazina stakabadhi," akanyamaza. Hakutaja jina, hakuipunguza namba, wala hakuipamba. Ulifuata ukimya, kisha kelele nyingi. Mwishowe wananchi waliazimia kwamba fedha zitolewe kwa saini mbili, na kwamba hesabu ya kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kwa maoni yetu, dakika ile ya kusoma namba bila kuongeza neno ilimfundisha uongozi kuliko mihadhara mingi. Kumshambulia mtu kungempatia makofi, na kuificha namba kungempatia marafiki.

Swali la msomi anadaiwa nini na wananchi waliomsomesha ni la zamani nchini mwetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa kwa lazima, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao mamia kati yao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Hatusemi tuyarudie yote hayo. Lakini kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo wazee wetu wengi wanaikumbuka, ina funzo lililo karibu zaidi na habari yetu. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa kuhutubia. Alitakiwa kuongoza mazungumzo hadi kikundi kiamue kitakachofanya. Binti wetu alianza na hotuba, akaishia na mazungumzo.

Hata baada ya mkutano ule mambo hayakwenda sawa yote. Oktoba alirudi chuoni, na daftari likasafiri naye ndani ya mkoba, katikati ya vitabu vyake. Kwa wiki tano chombo hakikuwa na kumbukumbu. Wasimamizi wa vituo waliandika kwenye vipande vya karatasi, malipo yakalegea, na maneno yakaenea kwamba daftari limetoroka na mwenye kulianzisha. Lilirudishwa kwa basi hadi stendi ya Sumbawanga, likapokelewa na mtendaji. Anasema aibu hiyo ilimuuma kuliko ya chini ya mti, kwa sababu safari hii watu walikuwa wamemwamini. Alipokuja kwa Krismasi hakushika kalamu. Aliketi kando ya mhazini na msichana mmoja aliyehitimu kidato cha nne, akawaacha waandike wenyewe huku akijibu maswali tu. Sasa yako madaftari mawili, moja kwa mhazini na jingine ofisini.

Mwanafunzi anayetaka kujitolea katika wilaya yetu, awe wa Mpui na Laela huku juu au wa Muze na Mtowisa kule bondeni, aje na barua ya utambulisho ya chuo chake na kuripoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atamsaidia kujua kazi zinazohitaji mikono. Anayetaka kufundisha hupitia kwa mwalimu mkuu, na anayetaka kusaidia zahanati hupitia kwa mganga mfawidhi. Kusaidia zahanati maana yake ni kuandikisha, kusafisha na kuelekeza watu. Kutibu si kazi yake. Wala asichukuliwe kuwa badala ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024 na ambao huandaliwa kwa mafunzo maalumu.

Kuhusu fedha tunasisitiza. Mwanafunzi asikusanye michango, na mwananchi asimpe mtu yeyote mchango bila stakabadhi halali. Anaweza kusaidia kuandika na kujumlisha, lakini sanduku libaki kwa mwenye dhamana.

Viongozi wa vijiji nao wana sehemu yao. Kijana akijitokeza, mpeni kazi moja inayojulikana mwanzo na mwisho wake, na mtu wa kumsimamia. Mkimwambia tu "tusaidie", atazunguka mwezi mzima bila kujua aliloombwa. Tena mwulizeni mapema nani atairithi kazi hiyo siku atakapopanda basi.

Katika kijiji cha binti huyu, kituo cha tatu kilifunguliwa kabla ya mvua, na mdogo wake sasa huchota maji baada ya jua kuchomoza. Cha nne bado kimefungwa. Bomba lake limepasuka chini ya shamba lililokwisha kupandwa, na mwenye shamba anaomba avune kwanza, jambo ambalo limewekwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao. Shilingi 43,000 hazijapata maelezo mengine. Zimeandikwa katika muhtasari, na husomwa kila robo mwaka.